Mbunge asiye na chama akisema "ndiyo" kwenye bajeti

Pale Dodoma, kura ya bajeti hupigwa kwa wabunge kuitwa jina moja moja, na kila mmoja hujibu kwa sauti. Anayefuatilia redioni hulijua jibu kabla jina halijaisha kutajwa, maana anayejibu ni chama. Sheria ya Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, kwa hiyo hatujazoea kumwona mbunge akifika kwenye kura hiyo peke yake, bila chama nyuma yake. Kenya inawaruhusu kwa Katiba ya 2010. Lakini popote walipo, mbunge wa namna hiyo akiunga mkono bajeti ya serikali, maneno ni yaleyale: kasaliti, kala, kahamia kwao. Maneno haya yananikera, kwa sababu yanamfunga mdomo mtu ambaye pengine ndiye pekee aliyeisoma bajeti bila kuambiwa aijibu vipi.

Mfano ninaoupenda uko mbali, Australia. Uchaguzi wa tarehe 21 Agosti 2010 uliisha bila upande wowote kupata viti 76 vinavyotakiwa kati ya 150. Uamuzi ukabaki kwa wabunge wachache, wakiwemo wanne wasio na chama. Watatu, Andrew Wilkie, Tony Windsor na Rob Oakeshott, wakamuunga mkono waziri mkuu Julia Gillard wa chama cha Labor. Wa nne, Bob Katter, akaenda kwa Tony Abbott, kiongozi wa upinzani.

Dhana: Amenunuliwa.

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wilkie alikuwa mbunge wa Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania, mji ambao hospitali yake kuu ilihitaji kujengwa upya. Abbott alimwahidi dola bilioni 1 kwa hospitali hiyo. Gillard aliahidi milioni 340. Wilkie akachukua milioni 340. Kwa maoni yake, ahadi ya bilioni nzima ilitolewa ovyo, na anayegawa fedha za umma namna ile hafai kukabidhiwa hazina. Hebu jiweke mahali pake: wapiga kura wako wanalala kwenye wodi za hospitali hiyo, nawe unarudi kwao na theluthi ya ulichoahidiwa. Mtu wa kununuliwa hafanyi hivyo.

Kweli, Windsor na Oakeshott walipata mabilioni ya dola kwa maeneo ya vijijini, na hawakuficha; makubaliano yaliandikwa na kutangazwa. Mwananchi alijua mbunge wake ameomba nini na amepewa nini. Windsor alieleza kwamba kilichomvuta hasa ni mtandao wa intaneti ya kasi kwa watu wa mashambani, ujengwe mara moja na ujengwe sawasawa, kwa nyaya za faiba. Tena, moja ya madai yaliyoingia kwenye makubaliano halikuwa barabara wala daraja la jimbo la mtu. Lilikuwa kuundwa kwa ofisi huru ya Bunge ya kuchambua bajeti, itakayomhudumia kila mbunge, hata wa upinzani. Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka 2012.

Dhana: Akipitisha bajeti, amekubali kila kitu cha serikali.

Walichoahidi wale watatu kilikuwa na mipaka miwili: serikali isinyimwe fedha za kuendesha nchi, na isiangushwe kwa kura ya kutokuwa na imani bila sababu nzito. Muswada mwingine wowote ulibidi uombewe kura upya. Windsor, kwa mfano, alipofuatwa aunge mkono kodi ya migodi, kwanza alidai kamati huru ya wanasayansi ya kuchunguza athari za uchimbaji wa gesi na makaa kwenye maji ya wakulima. Akaipata.

Hata kodi na matumizi ni miswada tofauti. Juni 2024, Wakenya walikataa barabarani Muswada wa Fedha, ule wa kodi, na Rais Ruto akakataa kuutia saini. Siku chache baadaye akatia saini ule wa matumizi, huku akiagiza upunguzwe kwa bajeti ya nyongeza. Mbunge anaweza kuukataa mmoja na kuukubali mwingine bila kujipinga.

Dhana: Angesema "hapana", serikali ingeleta bajeti bora.

Kwenye mfumo wa Westminster, yaani ule wa Bunge la Uingereza ambao Australia nayo inaufuata, bajeti ikianguka, serikali nayo huanguka. Oktoba 1941, katikati ya vita, huko huko Australia, John Curtin wa upinzani alipendekeza bajeti ya serikali ya Arthur Fadden ipunguzwe kwa pauni moja tu. Pauni moja haimwumizi mtu, ila kura hiyo ilikuwa kipimo cha nani ana Bunge. Wabunge wawili wasio na chama, Arthur Coles na Alexander Wilson aliyekuwa mkulima wa ngano, wakapiga kura na upinzani. Ikawa 36 kwa 33. Fadden, aliyekuwa waziri mkuu kwa siku 40 tu, akaondoka, na Curtin akashika nchi.

Kwetu, Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Mbunge anayesema "hapana" pale Dodoma anaijua hatari hiyo.

Januari 2012, Gillard alirudi nyuma kwenye ahadi yake kwa Wilkie ya kuzibana mashine za kamari zilizokuwa zikifilisi familia. Wilkie akavunja makubaliano hadharani. Palepale akasema bajeti ataendelea kuipitisha, na hatajiunga na kura ya kuiangusha serikali iliyoletwa kwa kuvizia tu. Alikuwa amekasirika kweli, na bado aliona mishahara ya wauguzi wa ile hospitali isiguswe na hasira zake.