Presha haiwakwepi wa kijijini

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai wa kijijini hapati presha (shinikizo la juu la damu), eti hewa ya Kibosho, kule vijijini Kilimanjaro, na migomba humkinga na msongo. Si kweli. Mkulima anayedaiwa ada ya mtoto, mwili wake humwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, zilezile za dereva wa daladala wa Moshi mjini. Mkanganyiko huenda una chanzo: utafiti wa Ujerumani wa 2011 ulikuta sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu huamka zaidi kwa wakazi wa mijini wanapobanwa. Hiyo ni tofauti ya wastani, si kinga. Tena presha huchangiwa na chumvi, pombe, umri na urithi, na mara nyingi haina dalili. Kapime zahanati, ukiwa umekaa umetulia dakika 5. 140/90 au zaidi ikijirudia siku tofauti, ni presha. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Kuna mzee anaweza kuacha dawa akiuamini.