Waaborijini na ardhi yao sio habari za kale tu

Wengi wanadhani kumfundisha mtoto wa chekechea kuhusu Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na mazingira ni kumsimulia hadithi za zamani na kumchorea bumerangi, ile fimbo iliyopinda ya kurusha, basi, hapana jamani, haya maarifa yapo hai mpaka leo. Chukua Wanoongar, jamii mojawapo ya Waaborijini wa kule Perth, mji wa Australia magharibi, mwaka wao una misimu 6 sio 4, na hawategemei kalenda peke yake, wanaangalia maua, upepo, ndege, mfano msimu wa Makuru ni baridi na mvua, mwezi wa 6 na wa 7 hivi, na msimu wa Birak ndo joto linaanza. Kwa hiyo mtoe mtoto nje, muulize leo ua gani limechanua, na kama kuna mzee Mnoongar karibu mwalikeni aeleze mwenyewe, maana kwao ardhi ni ndugu kabisa.