Dawa za kuchochea pumzi

Wengi huamini kwamba mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa akishindwa kupumua, dawa ya kuchochea ubongo itamwokoa. Sivyo. Kwa kawaida ubongo wake tayari unaamuru pumzi kwa nguvu kuliko wa mtu mzima wa afya. Tatizo ni njia za hewa zilizosinyaa, mapafu yaliyojaa hewa isiyotoka, na misuli iliyochoka. Kumchochea zaidi ni kumchapa punda aliyekwisha kulemewa na mzigo.

Doksapramu, dawa ya kuchochea pumzi inayotiwa mshipani, ilitumika hospitalini kwa muda mfupi, kisha mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa ikaipiku. Vidonge vya almitrini, dawa nyingine ya kuchochea pumzi, viliwakondesha baadhi ya wagonjwa na kuwaumiza neva. Ulaya ikaviondoa sokoni mwaka 2013. Kinachosaidia kweli ni kuacha sigara, kuepuka moshi wa kuni, kutumia dawa za hospitali zinazovutwa kwa pumzi, na kufanya mazoezi ya mwili yenye usimamizi.