Paka Mdogo Anapojisaidia Nje ya Kisanduku: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote, na ambayo huwaumiza paka wengi, ni kwamba paka mdogo anayekojoa kitandani au kwenye zulia hufanya hivyo makusudi, kwa ukaidi au kwa kulipiza kisasi baada ya kuachwa peke yake. Ili kisasi kiwepo, paka angelazimika kukumbuka kosa alilotendewa, kupanga jibu lake, na kujua kwamba mkojo unamchukiza mwenye nyumba. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mnyama wa wiki nane au tisa anawaza hivyo. Lililo wazi ni kwamba ametengwa na mama yake na nduguze, ameletwa katika nyumba asiyoijua harufu yake, na anatafuta mahali patulivu na palaini pa kuchimba. Godoro, rundo la nguo chafu na udongo wa chungu cha maua vyote vinamfaa kwa kazi hiyo, hata kama sisi hatukuviweka kwa ajili yake.

Kutokana na dhana hiyo imezaliwa desturi ya kumkandamiza paka pua yake kwenye mkojo wake, kumchapa au kumfokea. Wanaoitetea husema kwamba paka wao "alielewa", kwa kuwa hakuonekana tena akikosea mbele yao. Kwa kweli alichojifunza ni kwamba kujisaidia mbele ya binadamu ni hatari, na ndiyo maana baadaye kinyesi hupatikana nyuma ya kabati. Adhabu inayokuja baada ya tendo haiunganishwi na tendo hilo, bali na mkono ulioitoa. Ukimkuta katikati ya tendo, mwinue taratibu bila kelele na umweke kisandukuni, yaani kwenye kisanduku cha mchanga kilicho choo chake. Usipomkuta, safisha na unyamaze. Linalosaidia zaidi ni kumpeleka kisandukuni kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, kwa kuwa hizo ndizo nyakati ambazo haja humshika.

Wapo pia wanaodhani kwamba paka asiyefundishwa na mama yake hatajua kamwe kutumia mchanga. Ni kweli kwamba katika wiki tatu za mwanzo mama humlamba mtoto ili aweze kukojoa na kupata choo, lakini kuanzia wiki ya tatu au ya nne watoto huanza wenyewe kuparuaparua vitu vilivyolegea, na yatima waliolelewa kwa chupa hufanya vivyo hivyo. Kuchimba na kufukia amezaliwa nako. Asichokijua ni kisanduku kiko wapi. Kwa sababu hiyo, kumfungulia nyumba nzima siku ya kwanza, jambo ambalo wengi hulifanya kwa upendo, ndiko kunakozaa ajali nyingi: kibofu chake ni kidogo, hutambua haja ikiwa imeshamzidi, na kisanduku kilicho upande wa pili wa nyumba kwake ni safari ndefu. Chumba kimoja chenye kisanduku kona moja, na chakula na maji kona nyingine, kinamtosha kwa siku kadhaa za mwanzo.

Kuhusu kisanduku chenyewe, mapendeleo ya binadamu hugeuzwa kuwa mahitaji ya paka. Kifuniko huficha uchafu machoni petu lakini hufungia harufu ndani, na mchanga wenye manukato huwakimbiza paka wengi. Kingo ziwe fupi kiasi cha mtoto kuzivuka bila kupanda. Mchanga unaoganda ukilowa usitumiwe kwa paka wachanga sana, kwa sababu huonja kila kitu na unaweza kuziba tumbo. Ikiwezekana, anza na mchanga aliouzoea alikotoka, na kama ni lazima kuubadilisha, changanya mpya kidogo kidogo. Uchafu uzolewe angalau mara moja kwa siku, na visanduku vizidi idadi ya paka kwa kimoja.

Usafi nao una mtego wake. Dawa kali zenye amonia hudhaniwa kuwa ndizo zinazomaliza harufu, ilhali mkojo wenyewe hutoa amonia unapooza, kwa hiyo sakafu iliyosafishwa hivyo humnukia paka kama choo. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikikutana na mkojo huweza kutoa hewa yenye sumu. Kinachofaa ni dawa yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja mkojo, ikaachwa ilowane kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

"Ataacha tu akikua" ni kauli ya kuogopwa. Paka anayejikamua bila kutoa mkojo, anayelia akikojoa, au mwenye damu kwenye mkojo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hasa akiwa dume, kwa kuwa njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Kuhara pia humfanya asiwahi kisanduku; chanzo huweza kuwa minyoo, mabadiliko ya ghafla ya chakula, au maziwa ya ng'ombe, ambayo paka wengi hawayamudu licha ya sifa yake ya kale.

Mwisho, si kila mkojo sakafuni ni kuweka alama. Paka anayeweka alama husimama, huinua mkia unaotetemeka na kunyunyiza kidogo ukutani, tabia inayohusiana na kubalehe, kwa kawaida kuanzia miezi mitano au sita. Kuhasiwa hupunguza hilo, ila hakumsaidii mtoto wa miezi miwili aliyekosa njia ya kufika kisandukuni. Huyo afunguliwe vyumba kimoja kimoja, na ajali zikirudi, arudishwe kwenye kile cha kwanza kwa siku mbili tatu kabla ya kujaribu tena.