Asali haitibu mafua ya mzio

Ushauri ni wa zamani: lamba kijiko cha asali ya kwenu kila asubuhi, mwili utazoea chavua, ule unga wa mimea unaoleta mzio. Kulainisha koo, sawa. Lakini nyuki hukusanya chavua nzito, ya kunata, ya maua. Inayokuwasha macho na kukupigisha chafya mara nyingi ni ya nyasi, nyepesi, ya kupeperushwa na upepo. Kwenye asali haimo ila kidogo mno.

Kinachosaidia ni dawa ya steroidi (ya kupunguza uvimbe) ya kupuliza puani, kila siku, hata siku ya nafuu. Hufikia nguvu kamili ndani ya wiki 2 hivi. Wengi huelekeza ncha kwenye ukuta wa kati wa pua, wakatoka damu. Inamisha kichwa mbele kidogo, tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, lenga upande wa sikio. Usivute kwa nguvu: ikishuka kooni, imepotea.