Mafuta mawili yashukayo Kilindini

Mwezi uliopita tulikuwa Changamwe, hapa Mombasa, katika mazungumzo ambayo idara yetu hufanya na wananchi kuhusu uchumi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, kofia yake ya viua magotini, aliwaacha wengine wamalize ndipo akasimama. "Mwalimu," akasema, "mimi nimefanya kazi rifaineri, hapo kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, mpaka nikastaafu. Meli za mafuta hadi leo naziona zikiingia Kipevu, tena kubwa kuliko za zamani. Basi kazi imekwenda wapi?"

Muda ulikuwa umekwisha, nikamjibu kwa maneno machache ambayo hayakunitosha hata mimi. Swali lake lastahili jibu kamili, maana ndani yake mna somo zima la mafuta na viwanda katika uchumi wa nchi.

Tuanze na hiyo rifaineri. Kampuni za Shell na BP ziliianzisha mwaka 1960, nayo ikawashwa 1963, mwaka wa uhuru. Serikali ilinunua nusu ya hisa 1971, na sehemu ya pili ya mitambo ikaongezwa 1974. Kwa miaka hamsini mafuta ghafi yalikuja kwa meli kutoka Ghuba, yakashushwa Kipevu, gati la mafuta la bandari yetu ya Kilindini, na kusukumwa kwa mabomba hadi Changamwe. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa vitu vingi vyenye uzito tofauti. Yakipashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 350 na kuingizwa katika mnara mrefu, kila kitu hupanda kwa kadiri ya wepesi wake: gesi ya kupikia hufika juu kabisa, chini yake petroli, kisha mafuta ya taa na ya ndege, kisha dizeli. Chini ya mnara hubaki mafuta mazito meusi, ambayo ndiyo hutolewa lami.

Septemba 2013 mnara ule ulizimwa. Kampuni ya Essar ya India, iliyokuwa imenunua nusu ya hisa mwaka 2009, ilipiga hesabu ikaona kwamba kuifanya rifaineri ya kisasa kungemeza zaidi ya dola bilioni 1 na fedha hizo hazingerudi. Ikajitoa, na mwaka 2016 kiwanda chote kikawa cha serikali. Tangu 2023 kiko chini ya Kampuni ya Bomba la Mafuta, na matanki yake huhifadhi mafuta yaliyosafishwa kwingine.

Ili kuelewa tulichopoteza hapo, niruhusu nimchukue mama wa mahamri pale Magongo. Tuseme amenunua unga, sukari, hamira, iliki, nazi na mafuta ya kukaangia kwa shilingi 1,000. Saa nne asubuhi karai limeepuliwa na mfukoni ana shilingi 1,600. Zile 600 zilizozidi ndizo wanauchumi wanaziita thamani iliyoongezwa. Ndani yake mna jasho lake, ujira wa binti anayemsaidia kusukuma, kodi ya kibanda na faida yake. Ile 1,000 si yake, ni ya mkulima, ya msaga unga, ya mwenye minazi, na kila mmoja wao naye ana "600" yake ndani yake. Pato la taifa ni hizo 600 za watu wote zikikusanywa pamoja. Kwa hiyo nchi haitajirishwi na kitu kilichopita mikononi mwake. Hutajirishwa na kile ilichokifanya kitu hicho kikiwa mikononi mwake.

Petroli iliyokwisha kusafishwa inaposhuka Kipevu, mahamri yamekwisha kukaangwa. Aliyechimba ameshachukua chake, na aliyesafisha ameshachukua chake. Kwetu hubaki ada za bandari, nauli ya bomba, faida ya muuzaji, na kodi. Mwishoni mwa 2024 lita ya petroli ilikuwa takriban shilingi 180 Nairobi, na katika bei hiyo karibu shilingi 80 zilikuwa kodi na tozo, zikiwemo shilingi 25 za kutengeneza barabara. Hapa Mombasa bei huwa pungufu kwa takriban shilingi 3 tu, na watu huniuliza sana kwa nini si zaidi, ilhali mafuta yashuka mlangoni petu. Sababu ni kwamba hizo 3 ndizo gharama ya kuyasukuma kwa bomba kilomita 450 hadi Nairobi. Sehemu kubwa ya bei iliyobaki ni thamani ya mafuta yenyewe na kodi ya taifa, navyo havibadiliki kwa kuwa wewe waiona meli dirishani.

Sisemi biashara ya kupitisha ni ndogo. Gati la zamani la Kipevu lilihudumia meli moja kwa wakati mmoja, na meli inayongoja nje hutoza fedha kwa kila siku ya kungoja, fedha ambazo mwishowe hulipwa na mwenye tuktuk. Gati jipya lililofunguliwa 2022 kwa shilingi bilioni 40 laweza kuhudumia meli nne, nalo ni uti wa mgongo wa Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Lakini bomba likishajengwa huhitaji mikono michache. Pampu husukuma usiku na mchana, na kijana wa Jomvu anayetafuta kibarua haoni pa kubisha hodi.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo huenda mzee wetu hatalipenda. Hata rifaineri yenyewe haikuajiri maelfu. Ajira nyingi za mafuta haziko kwenye mnara. Ziko katika viwanda vinavyojipanga nyuma yake. Mnara wa Changamwe ulitenganisha tu, haukuwa na mitambo ya kuyavunja mafuta mazito yawe petroli na dizeli. Katika kila shehena, sehemu kubwa iliishia kuwa yale mazito ya bei ya chini, wakati washindani wa India na Ghuba waliyavunja na kuyauza kwa bei ya petroli. Ndiyo maana mafuta ya kwetu yakawa ghali kuliko ya kuagiza, na kampuni zilizolazimishwa kuyanunua zikalalamika. Kwa maoni yangu kuzimwa kwa mnara 2013 hakukuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa kutoka 1974 hadi siku ile, miaka 39, bila kuuongezea mtambo wa kuvunja wala kujenga kando yake kiwanda cha kuzitumia bidhaa zake.

Naomba utazame mtungi wa lita 20, ule wa kwenye mkokoteni wa mchuuzi wa maji. Mtungi ule ni mafuta yaliyogandishwa. Tuliwapeleka wanafunzi wetu kiwandani kuona unavyozaliwa. Plastiki huja katika magunia ya kilo 25, chembe nyeupe ndogo mfano wa mchele. Hutiwa kwenye mashine, zikayeyuka, zikashuka kama bomba laini la uji mzito. Kalibu mbili za chuma hulifumbata, hewa ikapulizwa ndani, na kufumba na kufumbua mtungi umetoka, ungali moto, kijana akaukata mabaki ya shingoni kwa kisu. Mmoja wa wanafunzi akauliza chembe zile hutengenezwa wapi hapa nchini. Hazitengenezwi. Kenya nzima haina kiwanda cha kugeuza mafuta au gesi kuwa chembe za plastiki. Zote huja kwa meli. Thamani tunayoongeza ni ile ya kuyeyusha na kupuliza. Ni halali, na hulisha watu, lakini ni kipande cha mwisho cha mnyororo mrefu.

Singapore nayo ilikuwa bandari ya Mwingereza isiyo na kisima hata kimoja cha mafuta. Rifaineri yake ya kwanza, ya Shell katika kisiwa cha Pulau Bukom, ilifunguliwa 1961, miaka 2 tu kabla ya yetu. Mpaka hapo tulikuwa sawa. Tofauti ni kwamba wao hawakuishia kwenye mnara. Waliongeza rifaineri nyingine, na mwaka 1984 wakafungua viwanda vya kemikali vinavyokula kile kinachotoka kwenye minara hiyo. Leo wana uwezo wa kusafisha zaidi ya mapipa milioni 1 kwa siku, na bado hawana kisima.

Mtu akisema hiyo ni Singapore, haiwezekani hapa, mimi humwomba atazame bandari yetu hiihii. Lugha yetu ina neno moja, mafuta, kwa ya kutia kwenye gari na ya kukaangia viazi, na yote mawili yaja kwa meli. Mawese huja yakiwa ghafi kutoka Malaysia na Indonesia, mekundu na mazito. Lakini hayapiti. Hupelekwa katika viwanda vya hapahapa Mombasa, yakaondolewa utomvu, rangi na harufu, kisha yakapozwa ili sehemu nyepesi iachane na ile inayoganda. Nyepesi hutiwa kwenye chupa na mitungi. Inayoganda hufanywa mafuta magumu ya kupikia na siagi ya mkate. Kilichotolewa wakati wa kuondoa harufu, ambacho mtu angedhani ni taka, huenda kwenye masufuria ya sabuni. Ule mche wa sabuni ambao mwenye duka hukukatia kwa kisu, kipande cha shilingi kadhaa, mara nyingi ni hicho. Nyuma ya kazi hiyo mna mtengeneza chupa, mchapa lebo, mtengeneza maboksi, dereva, fundi wa boila, mpima ubora wa maabara, na shehena zinazovuka mpaka kwenda Uganda na Rwanda. Yote hayo bila mchikichi hata mmoja wa Malaysia kuota katika ardhi yetu.

Tofauti ya mafuta haya mawili haiko katika bahati. Mawese ghafi hutozwa ushuru mdogo kuliko yaliyosafishwa, kwa hiyo anayetaka faida huleta ghafi na kufanyia kazi hapa. Na kila kinachotoka kiwandani kina mnunuzi, hata mabaki. Mambo hayo mawili, sera inayopendelea kazi ifanyike hapa na mnunuzi wa kila tone, ndiyo mnara wa Changamwe uliyakosa. Atakayekuja kesho na michoro ya rifaineri mpya, popote pwani hii, aulizwe kwanza mafuta mazito atayavunjaje, na ni kiwanda gani kitakachosimama kando yake kununua gesi na kemikali zake. Asipokuwa na jibu, anatuletea 1974 upya.

Wengi huweka matumaini yao Turkana, ambako kisima cha Ngamia 1 kilitangazwa Machi 2012. Mimi pia nafurahi tuna mafuta. Ila kuchimba ni kitu kimoja na kuendelea ni kingine. Nigeria imeuza mafuta ghafi tangu miaka ya 1950, ikajenga rifaineri nne za serikali zikachakaa, na kwa miongo kadhaa ikawa yanunua petroli nje kwa fedha zilezile za mafuta yake. Ni mwaka 2024 tu ambapo rifaineri ya Dangote karibu na Lagos, yenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, ilianza kuigeuza hali hiyo.

Ya Turkana tuliyajaribu wenyewe kwa kiwango kidogo. Kuanzia Juni 2018 malori yaliyaleta kutoka Lokichar, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa huganda, hivyo yalibebwa katika matangi ya kuhifadhi joto. Yalihifadhiwa Changamwe, katika matanki ya rifaineri, hatua chache kutoka kwenye mnara uliozimwa. Agosti 2019 ikatangazwa kwamba mapipa 200,000 yameuzwa kwa dola milioni 12, yaani dola 60 kwa pipa la lita 159, senti 38 za dola kwa lita. Yaliondoka kwa meli yakiwa ghafi, kama yalivyotoka ardhini, kwenda kusafishwa na watu wengine.

Mzee, kazi yako imekwenda huko: Ghuba na Gujarat ya India, kulekule yalikotoka majahazi yaliyoletwa na kaskazi. Kikao kilipokwisha nilimsindikiza hadi kituoni. Akaniambia malori yale ya Turkana aliyaona yakipanda kuingia Changamwe, moja baada ya jingine, na kwamba siku ya kwanza alisimama kando ya barabara, akadhani yanakuja ili mnara uwashwe tena.