Mahakama ya Rufani ya Tanzania: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Mtu akikwambia "nimefika mpaka Mahakama Kuu, juu yake hakuna tena", ujue jina limemponza. Neno "Kuu" linafanya wengi waamini kwamba hapo ndipo kilele. Juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufani, na umri wake mdogo unawashangaza hata baadhi ya wanafunzi wa sheria.

"Ilikuwepo tangu Uhuru"

Haikuwepo. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa Agosti 1979, karibu miaka 18 baadaye. Mkongwe ni Mahakama Kuu, ambayo mizizi yake ni amri ya Waingereza ya mwaka 1920. Ndiyo maana mwaka 2021 iliadhimisha miaka 100 wakati mkubwa wake kwa ngazi alikuwa na miaka 42 tu.

Katikati ya hapo rufani zilikwenda kwenye mahakama ya pamoja, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Hiyo ilianza mwaka 1902 kwa ajili ya maeneo ya Waingereza ya upande huu, na Tanganyika ikaingizwa baada ya kutoka mikononi mwa Wajerumani. Makao yake yalikuwa Nairobi, lakini majaji walisafiri kusikiliza kesi Dar es Salaam na Kampala. Kwa miongo mingi haikuwa hata na majaji wake wa kudumu: majaji wa makoloni waliazimwa, wakaketi, kisha wakarudi kwenye vituo vyao. Hilo lilibadilika karibu na mwaka 1950.

Na juu ya Nairobi kulikuwa na London. Aliyeshindwa Nairobi aliweza kwenda Privy Council, baraza la Uingereza lililosikiliza rufani za mwisho za makoloni, akiwa na fedha za kutosha na uvumilivu. Tanganyika iliufunga mlango huo ilipokuwa jamhuri.

"Ile ya Nairobi ilikuwa mahakama ya wazungu mpaka ilipokufa"

Mwanzoni, ndiyo. Miaka ya mwisho, hapana. Rais wake wa mwisho alikuwa Samuel Wambuzi wa Uganda, na kwenye jopo walikuwamo majaji kama Lutta, Musoke na Mustafa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika katikati ya 1977, mahakama nayo haikuwa na pa kusimama. Kenya ilijiundia Mahakama ya Rufani yake Oktoba mwaka huohuo. Tanzania ilichukua muda zaidi: ilibadili Katiba, ikatunga Sheria ya Mamlaka ya Rufani ya 1979, sheria ambayo leo ni Sura ya 141.

Jaji Mustafa hakuachwa nje. Jina lake linaonekana kwenye hukumu za mwanzo za mahakama mpya, pamoja na Mwakasendo, Kisanga na Makame, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kwa hiyo mahakama ilikuwa mpya, ila baadhi ya vichwa vyake vilikuwa na uzoefu.

"Jaji Mkuu ndiye kiongozi wa Mahakama Kuu"

Alikuwa. Telford Georges, mzaliwa wa Dominica aliyeshika nafasi hiyo kuanzia 1965, na Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kuishika, wote waliketi Mahakama Kuu. Mwaka 1979 Nyalali alipanda ngazi na cheo chake: Jaji Mkuu akawa mkuu wa Mahakama ya Rufani, na Mahakama Kuu ikawa chini ya Jaji Kiongozi. Anayesoma hukumu ya 1972 yenye sahihi ya Jaji Mkuu asidhani ameshika uamuzi wa mahakama ya juu kabisa. Ameshika uamuzi wa Mahakama Kuu, na uzito wake ni huo tu.

"Maamuzi ya Nairobi yalizikwa na Jumuiya"

Hapa ndipo kosa ni kubwa kuliko pote, na dawa yake ni kukaa nusu siku kwenye mahakama yoyote ya Tanzania. Wakili atasimama na kusema ana pingamizi la awali: kesi imepitwa na muda, au mahakama haina mamlaka. Kabla hajamaliza, mtu atataja *Mukisa Biscuit*. Hiyo ni kesi ya kiwanda cha biskuti cha Uganda, iliyoamuliwa na mahakama ya Nairobi mwaka 1969. Ilisema kwamba pingamizi la awali ni lazima liwe hoja tupu ya kisheria, inayoibuliwa huku ukweli wa upande wa pili ukichukuliwa kuwa sahihi. Ukihitaji ushahidi kulithibitisha, si pingamizi tena.

Makosa ni yaleyale miaka nenda rudi. Wakili anadai kesi imechelewa, lakini tarehe ya kuanza kuhesabu inabishaniwa, kwa mfano ni siku gani mkataba ulivunjwa. Hapo pingamizi linaanguka, kwa sababu siku hiyo haijulikani bila shahidi.

Vivyo hivyo *Pandya* ya 1957: mahakama ya rufani ya kwanza inapaswa kuupima upya ushahidi wote, isiridhike kugonga muhuri tu. Na mwaka 1970, katika *Dodhia*, mahakama ya Nairobi ilisema inaweza kuuacha uamuzi wake wa zamani ikiona ni haki kufanya hivyo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishika njia hiyo katika kesi ya Jumuiya ya Wafanyakazi dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, iliyochapishwa katika ripoti za 1988: yenyewe inaweza kujirekebisha, lakini mahakama za chini zinafungwa na uamuzi wake hata zikiamini umekosea.

"Bi. Hawa alishinda"

Kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, rufani ya madai namba 9 ya 1983, ndiyo maarufu kuliko zote za miaka hiyo. Swali lilitoka kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: je, kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Jopo la Nyalali, Makame na Kisanga likajibu: ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango.

Msemaji wa redio huishia hapo. Bi. Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliona kwamba mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, naye akazitapanya, hivyo fungu lake lilikwisha kutoka. Rufani ikatupwa. Kanuni iliwafaa wanawake waliokuja baadaye, si aliyeidai.

"Siku za kukata rufani ni zilezile"

Kanuni za 1979 zilitoa siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufani, yaani taarifa kwamba mtu anakusudia kukata rufani. Kanuni za 2009 zilifanya ziwe 30. Siku 60 za kuwasilisha rufani yenyewe, zikihesabiwa tangu notisi, zilibaki. Anayenukuu kesi ya miaka ya 1980 kuhusu ucheleweshaji aangalie kwanza anasoma kanuni zipi. Rufani husikilizwa na majaji wasiopungua watatu. Jaji mmoja hushughulikia maombi madogo tu, na asiyeridhika naye huenda kwa watatu.

"Zanzibar iliingia tangu siku ya kwanza"

Mwaka 1979 Zanzibar ilikuwa na Mahakama za Wananchi, mfumo wake yenyewe. Mamlaka ya Mahakama ya Rufani yalivuka bahari katikati ya miaka ya 1980, tena kwa mipaka: kesi za kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar huishia hukohuko. Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, alihamia Mahakama ya Rufani mwaka 1989 na kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania mwaka 2007.

"Ile ya Nairobi imefufuka Arusha"

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa 2001, ni kitu kingine. Kazi yake ni kutafsiri Mkataba wa Jumuiya, na mwananchi analalamika kwake ndani ya miezi miwili tangu kitendo anacholalamikia. Haipokei rufani za mirathi wala viwanja kutoka Dar es Salaam.